Namba za Rili za Kale za Kuvulia: Mwongozo wa Kuzisoma na Kupima Ukubwa Wake

Katika Soko la Sabasaba hapa Dodoma, kwenye meza za wauzaji wa vyuma na vifaa vya mitumba, huonekana mara mojamoja rili ya kale ya kuvulia samaki, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo, ikiwa imechanganyika na vitasa, koleo na vipuri vya baiskeli. Muuzaji akiulizwa imetoka wapi, hujibu kwamba ni ya Mjerumani, kwa kuwa kwetu kila chuma kizito cha zamani hupewa sifa hiyo. Mara nyingi si ya Mjerumani. Ni ya Marekani, Uswidi au Ufaransa, na jambo hilo limeandikwa juu ya rili yenyewe, pamoja na jina la jamii yake na ukubwa wake, kwa herufi na tarakimu zilizofunikwa na vumbi letu jekundu na grisi iliyoganda.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyenunua rili ya namna hiyo, au aliyeikuta katika sanduku la marehemu babu yake, na angependa kuipeleka kwenye bwawa la Mtera au la Hombolo akavulie perege na kambale badala ya kuiacha rafuni. Ili aifunge mshipi unaofaa na kuagiza vipuri visivyokosewa, hana budi kujua ana rili gani. Jambo moja alishike tangu mwanzo: namba ya rili ni jina ambalo kiwanda kiliipa, si kipimo. Rili yenye namba 300 ya kiwanda kimoja haina uhusiano wowote na 300 ya kiwanda kingine, na hata ndani ya kiwanda kimoja namba kubwa yaweza kuwa ya rili ndogo.

Maneno nitakayotumia ni machache. Spuli ni kile kigurudumu kinachozungushiwa mshipi. Mguu ni bamba jembamba lililo chini ya rili, ambalo hufungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Breki ni mtambo unaoachia mshipi kidogokidogo samaki anapovuta kwa nguvu. Sahani za ubavuni ni vifuniko viwili vya mviringo vinavyoishika spuli kulia na kushoto.

Hatua ya kwanza: safisha bila kufuta maandishi

Rili nyingi huharibiwa siku ya kwanza, kwa sababu mwenye nayo hufurahi mno na kuisugua kwa msasa au steliwaya mpaka ing'ae. Tarakimu zilizogongwa kwenye chuma miaka sitini iliyopita huwa na kina kidogo sana, na msasa huzimaliza kwa dakika chache. Tumia mswaki wa zamani uliochovywa katika mafuta ya taa, usugue taratibu, kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba. Sehemu za plastiki ngumu nyeusi au nyekundu zisilowekwe katika mafuta ya taa wala petroli; zifutwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo.

Ikiwa maandishi bado hayasomeki, izime taa ya chumba na umulike kwa tochi kutoka pembeni, mwanga ukipita karibu sawasawa na uso wa chuma, ili kila tarakimu itoe kivuli chake. Njia nyingine ni kupaka unga wa chaki ya ubaoni juu ya maandishi na kuufuta kwa kidole: unga hubaki ndani ya mikwaruzo ya tarakimu nao huonekana weupe. Kwa mguu wa rili, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli iliyolazwa. Nimesoma kwa penseli namba ambazo macho yangu na miwani yangu vilishindwa kuziona.

Hatua ya pili: tambua jamii ya rili

Jamii kuu ni tatu, na huwezi kuisoma namba kabla hujajua uko katika jamii gani. Ya kwanza ina spuli iliyolala kati ya sahani mbili, nayo huzunguka haraka kuliko mkono wa kuzungushia kwa sababu ya gia. Hii ndiyo rili ya kuzidisha. Ya pili ina spuli inayotazama mbele ambayo haizunguki wakati wa kukunja, bali waya uliopinda huuzungusha mshipi kuizunguka. Hii ni rili ya spuli tuli. Ya tatu ni ile nyembamba yenye matundu, mkono wake ukiwa umefungwa moja kwa moja kwenye spuli pasipo gia, iliyotengenezwa kwa kuvulia kwa nzi bandia katika mito ya maji baridi.

Ukipata rili ya kuzidisha ya Marekani iliyogongwa neno "Quadruple", maana yake ni kwamba spuli huzunguka mara nne kwa mzunguko mmoja wa mkono. Hilo laweza kuhakikishwa kwa kuweka alama ya chaki kwenye ukingo wa spuli, kuzungusha mkono mara moja polepole na kuhesabu alama imepita mara ngapi. Fanya hesabu hiyo kwa kila rili yenye gia, hata isiyo na neno hilo, kwa kuwa itakufaa baadaye utakapotaka kutofautisha modeli mbili zinazofanana kwa sura.

Hatua ya tatu: tenga namba ya modeli na namba nyingine

Rili moja yaweza kubeba namba nne tofauti, na kosa la kawaida kabisa ni kuchukua ile ndefu na kuitafutia vipuri. Namba ndefu inayofuata neno "Pat." ni ya hataza, yaani haki ya mbunifu. Haikuambii modeli, lakini inakuambia jambo la thamani kuhusu umri. Hataza za Marekani zilifika 1,000,000 mwaka 1911, zikafika 2,000,000 mwaka 1935, 3,000,000 mwaka 1961 na 4,000,000 mwaka 1976. Kwa hiyo rili yenye hataza inayoanzia milioni mbili na kitu haiwezi kuwa ya kabla ya 1935, hata muuzaji akiapa kwamba iliachwa na mzungu wakati wa ujenzi wa reli ya kati.

Namba ya pili ni ya mfululizo, ambayo hutofautisha rili moja na nyingine za modeli ileile. Ya tatu ni ya uwezo, kama vile "80 YDS" au "100 YDS", ikimaanisha yadi za mshipi. Yadi moja ni mita 0.91. Ya nne ndiyo ya modeli, na kwa kawaida ni fupi: tarakimu mbili hadi nne, pengine na herufi moja au mbili nyuma yake. Soma pia jina la nchi. Maneno "Occupied Japan" hufunga kabisa umri wa kifaa, kwa kuwa Japani ilikaliwa na majeshi ya kigeni kuanzia 1945 hadi 1952.

Hatua ya nne: soma namba kwa kanuni ya kiwanda chake

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa kwa muda.

Anza na Penn, kiwanda kilichoanzishwa na Otto Henze mjini Philadelphia mwaka 1932. Rili zake za kuzidisha za jamii ya Senator hubeba majina mawili kwa wakati mmoja: namba ya modeli na alama ya ukubwa. Modeli 113 ni 4/0, modeli 114 ni 6/0 na modeli 115 ni 9/0. Alama hizi si sehemu za hesabu. Mvuvi anayejua ndoana atazielewa mara moja, kwa sababu ndoana namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, na ukishapita namba 1 unaingia 1/0, 2/0 na kuendelea, kila hatua ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia. Katika rili za Senator mlolongo huo hupanda hadi 16/0, ambayo ni mzigo wa baharini usio na kazi yoyote Mtera. Hata 4/0 ni kubwa kwa mabwawa yetu.

Herufi zinazofuata namba za Penn zina maana yake. H huonyesha gia za kasi, kwa hiyo 113H hukunja mshipi haraka kuliko 113, na gia zake haziwekwi katika ile ya kawaida. M huonyesha spuli ya chuma, kama katika 209M. LH ni rili ya mkono wa kushoto. Jamii ya International, yenye rangi ya dhahabu, ilifuata utaratibu mwingine kabisa: namba 50 au 80 ni nguvu ya mshipi unaokusudiwa, kwa ratili. Ratili 50 ni kilo 22.7, na ratili 80 ni kilo 36.3.

Ukigeukia rili za spuli tuli za Penn, zile Spinfisher za mamia ya saba, utaona kwa nini nilisisitiza kwamba namba si kipimo. Modeli 704 ni kubwa, ya kuvulia ufukweni. Modeli 710 ni ya wastani. Modeli 712 ni ndogo zaidi, 714 ni ndogo kuliko hiyo, na 716 ni nyepesi kabisa. Namba inapanda, rili inapungua. Herufi Z iliongezwa baadaye, kwa hiyo 704 na 704Z ni ndugu wa vizazi viwili, na inafaa kumtajia muuza vipuri herufi hiyo kila mara.

Mitchell zilitengenezwa na kampuni ya Carpano & Pons huko Cluses, Ufaransa, na 300 ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Kanuni yake ya kwanza ni rahisi: namba ya shufwa na namba ya witiri inayoifuata ni rili moja, isipokuwa mkono umehamishwa upande wa pili. Hivyo 301 ni pacha wa 300, 309 ni pacha wa 308, na 303 ni pacha wa 302. Lakini ukubwa haufuati mpangilio wa tarakimu: 302 ni kubwa, ya maji ya chumvi, ilhali 308 ni ndogo kuliko 300. Kisha kuna mamia ya nne, ambayo ni ya gia za kasi: 408 ni 308 iliyoongezewa kasi, na 410 ni 300 iliyoongezewa kasi. Ile hesabu ya mizunguko kwa alama ya chaki ndiyo itakayokuokoa endapo bamba la jina limebanduka.

ABU ya Svängsta, Uswidi, ilianzishwa mwaka 1921 ikitengeneza saa na mita za teksi kabla ya kuingia katika uvuvi, na asili hiyo huonekana katika ulaini wa gia zake. Si ajabu kwamba hapa mjini fundi bora wa kufungua Ambassadeur, rili za kuzidisha za kiwanda hicho, ni fundi saa, kwa kuwa ana bisibisi ndogo na ana subira. Ambassadeur 5000 ilitoka mwaka 1952. Rili ya 6000 ina sahani za kipenyo kilekile cha 5000, lakini spuli yake ni pana zaidi. Herufi C huonyesha beringi za gololi. Tarakimu ya mwisho ikiwa 1, kama 5001C au 6501C, mkono uko kushoto.

Fungua rili kutoka kwenye fimbo na utazame chini ya mguu. Rili za ABU kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zina tarakimu sita hapo: mbili za kwanza ni mwaka, mbili za katikati ni mwezi, na mbili za mwisho ni toleo la modeli. Mguu uliogongwa 760301 unasema Machi 1976, toleo la 01. Tarakimu hizo mbili za mwisho zisipuuzwe, kwa sababu vipuri vilibadilika kutoka toleo moja hadi jingine hata pale jina la ubavuni lilipobaki lilelile.

Niliwahi kupoteza fedha kwa uzembe katika rili hizi. Nilikuwa na 5500C yenye spuli iliyopasuka, nikapata spuli ya 6500C kwa muuzaji wa mbali, nikampa kipenyo kwa simu naye akanithibitishia kwamba kinalingana. Kililingana kweli. Spuli ilipofika baada ya wiki tatu ilikuwa pana kuliko nafasi iliyo kati ya sahani, na haikuingia. Muuzaji alijibu swali nililomuuliza, upana sikuuliza.

Shakespeare ya Kalamazoo, Marekani, ilikuwa na desturi nzuri kuliko zote, na wachache wanaijua. Rili zake za zamani zina herufi mbili karibu na namba ya modeli, na herufi hizo ni mwaka. K ni sifuri, J ni 1, H ni 2, G ni 3, F ni 4, E ni 5, D ni 6, C ni 7, B ni 8 na A ni 9. Herufi I imeachwa. Basi GE ni 35, yaani 1935, na EK ni 1950. Ukishaizoea, utaisoma kama unavyosoma namba ya gari.

Rili za nzi bandia hazina fumbo. Hardy ya Alnwick, Uingereza, hutaja kipenyo cha sahani kwa inchi na sehemu zake: Perfect ya 3 3/8 ina kipenyo cha milimita 85.7, na ya 2 7/8 ina milimita 73. Kinachopimwa ni sahani, si spuli iliyo ndani. Pflueger Medalist, kwa upande wake, hutumia namba zinazopanda pamoja na ukubwa, kuanzia 1492, 1494, 1495 hadi 1498. DAM Quick, ambazo kwa hakika ni za Mjerumani, hupanda pia kwa mpangilio: 110 ndiyo ndogo, kisha 220, 330, 440 na 550.

Hatua ya tano: pima mwenyewe

Baada ya kusoma, thibitisha kwa kipimo. Unahitaji kalipa, yaani kipimio chenye taya mbili za kubania kinachopimwa, au ukiikosa, rula ya chuma na ukanda wa karatasi. Pima vitu vitatu kwa milimita: kipenyo cha spuli mahali mshipi utakapofika, yaani milimita mbili au tatu chini ya ukingo, kipenyo cha kiini cha spuli ikiwa tupu, na upana wa nafasi ya mshipi kati ya kuta mbili. Usipokuwa na kalipa, zungusha ukanda wa karatasi kwenye kiini, weka alama mahali unapokutana, nyoosha, pima urefu na ugawanye kwa 3.14.

Hatua ya sita: kadiria mshipi utakaoingia

Uwezo ulioandikwa kwenye rili ya kale usiuamini kwa mshipi wa leo. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, na rili zilizobuniwa kabla ya hapo zilipimwa kwa hariri au kitani. Mshipi wa kitani wa baharini ulitajwa kwa idadi ya nyuzi zake, kila uzi ukihesabiwa ratili tatu ukiwa umelowa, kwa hiyo wa nyuzi 9 ulikuwa wa ratili 27 na wa nyuzi 24 ulikuwa wa ratili 72. Unene wake haulingani na wa nailoni yenye nguvu hiyohiyo.

Fanya hesabu yako. Zidisha kipenyo cha juu kwa chenyewe, toa kipenyo cha kiini kilichozidishwa kwa chenyewe, zidisha jibu kwa upana, kisha zidisha kwa 0.785. Gawanya kwa unene wa mshipi uliozidishwa kwa wenyewe, na utapata urefu kwa milimita. Tuseme kipenyo cha juu ni 50, kiini ni 20 na upana ni 25. Mara 50 kwa 50 ni 2,500, ukitoa 400 inabaki 2,100, mara 25 ni 52,500, mara 0.785 ni takriban 41,200. Kwa mshipi wa milimita 0.40 unagawanya kwa 0.16 na kupata kama mita 257. Punguza sehemu moja ya kumi, kwa kuwa mshipi haukai sawasawa kama kwenye karatasi, na ununue mita 230.

Ukitaka kubadilisha unene, kuna njia fupi. Spuli inayobeba mita 200 za milimita 0.40 itabeba kama mita 355 za milimita 0.30, kwa sababu 0.16 ikigawanywa kwa 0.09 ni karibu 1.78. Watu wengi hudhani kwamba mshipi mwembamba kwa robo utaongeza robo tu ya urefu, ndipo huishia kununua mshipi mfupi, spuli ikabaki na njaa na kutupa kukawa kwa shida.

Kwa perege wa Hombolo, rili ndogo kama Mitchell 308 au Penn 714 yenye mshipi wa milimita 0.25 inatosha kabisa. Kwa kambale wa Mtera ningechukua Ambassadeur 6000 au Mitchell 300 na mshipi wa 0.40, kwa sababu kambale akikamatwa hukimbilia visiki vya miti iliyozamishwa na bwawa.

Hatua ya saba: andika kabla ya kuagiza

Chukua daftari na uipe kila rili ukurasa wake: kiwanda, nchi, namba ya modeli pamoja na herufi zake zote, namba ya chini ya mguu, upande wa mkono, mizunguko ya spuli kwa mzunguko mmoja, na vile vipimo vitatu. Piga picha ya sahani zote mbili, ya mguu, na ya kipuri kilichovunjika kikiwa kando ya rula. Ukiandika kwa muuza vipuri, mtumie yote hayo kwa mara moja, na usiandike "rili ya Penn, kubwa kiasi". Kama herufi moja haisomeki, acha alama ya kuuliza mahali pake badala ya kubahatisha, kwa maana 113 na 113H zinaachana kwa herufi hiyo moja tu, na gia itakayosafirishwa kutoka Marekani hadi posta ya Dodoma hairudishwi kwa gharama ndogo.